Diski Zinazokufa Pamoja

Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatahadharisha wateja wake kuhusu baadhi ya diski zake za SSD za seva. Zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, ilisema, zitazimika na data iliyomo haitarudi. Saa hizo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Mwandishi wa programu huitambua namba hiyo akiiona tu: ni 2 kwa kipeo cha 15, mahali ambapo kaunta ya biti 16 inayohesabu chanya na hasi hujaa. Kasoro haikuwa kwenye chipu, ilikuwa kwenye programu ya ndani ya diski, na dawa yake ilikuwa kuweka toleo jipya la programu hiyo kabla saa hazijatimia. Machi 2020 ikatoka tahadhari nyingine ya namna hiyohiyo, safari hii kikomo kikiwa saa 40,000.

Kampuni yenyewe ilisema wazi kwamba diski zilizoanza kazi siku moja huenda zikafa karibu kwa wakati mmoja. Chukua seva ya hospitali yenye diski nane za aina hiyo, zilizonunuliwa kwa oda moja na kuchomekwa asubuhi moja. Zimepangwa kwa RAID 6, mpangilio unaovumilia diski mbili kufa. Kwenye karatasi, hiyo ni hifadhi imara. Kwa uhalisia, zote nane zinaelekea saa ileile, na ulinzi wa diski mbili hauna kazi pale zinapoondoka nane.

Anayepewa kazi ya kuboresha hifadhi ya seva huulizwa kwanza diski ngapi, za ukubwa gani, na RAID ipi. Ni maswali halali. Lakini linaloamua ni lingine: katika mpangilio huu, ni kitu gani kimoja kinachoweza kuua diski mbili au tatu kwa mpigo? Diski moja kufa ni jambo la kawaida kabisa, na teknolojia yote hii ilibuniwa kwa ajili yake. Msiba huanza zinapokufa pamoja.

RAID ilitokea Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz walipendekeza kwamba badala ya diski moja kubwa na ghali kama IBM 3380, iliyobeba megabaiti 7,500, ziunganishwe diski nyingi ndogo za kompyuta za mezani. Mfano wao ulikuwa Conner CP3100 ya megabaiti 100. Ubaya wa wingi ni kwamba kila diski unayoongeza inaongeza uwezekano wa mojawapo kufa leo. Kwa hiyo wakaweka ziada: ama nakala pacha, ama pariti, hesabu inayofanywa juu ya biti za diski zote ili ikipotea moja, zilizobaki ziweze kuikokotoa. Makadirio yao ya usalama yalisimama juu ya dhana kwamba kila diski hufa kwa wakati wake bila kuhusiana na nyingine. Wenyewe waliliona tundu la dhana hiyo, wakataja tetemeko la ardhi na umeme kupanda ghafla kuwa hali ambazo haishiki. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusubiri tetemeko.

Mwaka 2007 Gibson yuleyule, sasa akiwa Carnegie Mellon pamoja na Bianca Schroeder, alirudi na takwimu za diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini. Watengenezaji walikuwa wakiandika wastani wa saa 1,000,000 hadi 1,500,000 kabla ya diski kufa, maana yake chini ya asilimia 0.9 kwa mwaka. Kazini hali ilikuwa tofauti: kiwango cha kubadilishwa kilizidi asilimia 1, mara nyingi kikawa 2 hadi 4, na kwenye baadhi ya mifumo kikafika 13. Lililo zito zaidi kwa hoja yetu ni kwamba vifo vilifuatana. Wiki iliyoshuhudia diski nyingi zikibadilishwa ilielekea kufuatiwa na wiki nyingine ya aina hiyo. Ile dhana ya 1988 haikushika hata pasipo tetemeko.

Mwaka huohuo watafiti wa Google walitoa matokeo ya diski zao, nazo zaidi ya 100,000. Diski iliyopata kosa lake la kwanza wakati wa ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Hapo SMART, mfumo wa diski kujipima afya, unaonekana wa maana sana. Lakini zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote ya kosa. Kwa hiyo SMART ikipiga kelele, isikilize; ikinyamaza, usilale.

Sasa tuingie kwenye kipindi chenye hatari, nacho ni saa zile ambazo safu, yaani kundi la diski zilizounganishwa kwa RAID, inachechemea baada ya diski moja kufa. Diski mpya ya terabaiti 16, ikiandikwa kwa megabaiti 200 kwa sekunde pasipo kupumzika, huchukua saa 22 kujazwa. Ila seva haijafungwa kwa ajili hiyo: wagonjwa wanasajiliwa, miamala inaingia, ripoti ya mwisho wa mwezi inachapwa. Saa 22 huwa siku mbili, tatu, pengine wiki. Katika muda huo diski zilizobaki husomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu ambazo hazijaguswa miaka mingi, nazo ni rika moja na marehemu, zimekula joto lilelile na mishtuko ileile ya umeme.

Diski nyingi za kawaida huandikiwa kwamba zinaweza kushindwa kusoma sekta moja katika kila biti trilioni 100, ambazo ni terabaiti 12.5. RAID 5, inayovumilia diski moja tu kufa, ikiwa na diski nne za terabaiti 8 na ikipoteza moja, lazima zisomwe terabaiti 24 bila kosa hata moja. Kwa hesabu ya karatasi, uwezekano wa kufaulu ni mdogo. Robin Harris aliandika mwaka 2007 kwamba RAID 5 ingeacha kufanya kazi ifikapo 2009, na makala yake ikanukuliwa mno. Mwaka 2009 ulipita, na RAID 5 nyingi zikaendelea kujengwa upya salama, kwa sababu diski nyingi ni bora kuliko karatasi zake. Utabiri ulikuwa na chumvi, lakini mwelekeo ulikuwa sahihi, na kwa diski za leo mimi sioni sababu ya kumshauri mtu RAID 5 kwa data asiyokubali kuipoteza.

Kinachobaki ni RAID 6 au RAID 10, ile ya nakala pacha. Kwa seva ya diski nne, zote mbili hutoa nafasi sawa, yaani nusu ya jumla. Diski mbili zikifa, kuna jozi sita zinazowezekana: RAID 6 inanusurika zote sita, RAID 10 inanusurika nne, kwa kuwa jozi mbili ni pacha kwa pacha. Hapo RAID 6 ingeonekana mshindi. Lakini kila andiko dogo huigharimu RAID 6 operesheni sita za diski, na RAID 10 mbili tu. Na pacha aliyekufa hujazwa kwa kunakili kutoka kwa mwenzake mmoja, bila kuzitesa diski zote. Kwa hifadhidata inayoandikwa kutwa, RAID 10 inafaa zaidi. Kwa ghala la picha za eksirei, nyaraka na video, RAID 6. Mengine yanayosemwa juu ya ubishi huu ni ushabiki.

Kuna kosa la ununuzi linaloifanya RAID yoyote ionekane mbovu. Diski ya kompyuta ya mezani ikikuta sekta ngumu, huweza kung'ang'ana nayo dakika nzima au zaidi, kwa sababu inajua haina mwenzake. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30 tu kabla ya kuihesabu diski kuwa imeshindwa. Diski za seva na za NAS, yaani vifaa vya hifadhi ya pamoja kwenye mtandao, hukata tamaa baada ya sekunde kama 7, zikarudisha kosa, na sekta ikajengwa upya kutoka kwa diski nyingine. Ukiweka diski za mezani kwenye seva, diski hai hutupwa nje ya safu kwa kosa la sekta moja, fundi anaanza kuijenga upya, na katikati ya kazi nyingine inatupwa vilevile. Zipo pia diski za SMR, ambazo njia zake za data hupandiana ili kuongeza nafasi, na ambazo hupungua kasi mno zikiandikwa mfululizo kwa muda mrefu. Mwaka 2020 Western Digital ilikubali kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa za SMR bila wanunuzi kuambiwa. Kabla ya kulipa, tafuta namba kamili ya modeli na uulize kama ni CMR, aina ambayo njia zake hazipandiani.

Na za mtumba? Mapema 2025 wanunuzi Ujerumani waligundua kwamba diski za Seagate walizouziwa kama mpya zilikuwa zimeshafanya kazi maelfu ya saa. Aliyeziuza mwanzo alifuta saa kwenye SMART, ila kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM ilibaki, nayo ikasema ukweli. Toleo jipya la programu ya smartctl huisoma. Anayenunua Kariakoo au Luthuli Avenue hana haja ya kumshuku kila muuzaji. Aende na kompyuta tu, asome namba hizo palepale dukani.

SSD zinapunguza tatizo la muda, kwa kuwa hujengwa upya haraka, na hazina sindano ya kukwaruza. Ila zina namna yao ya kufa pamoja. Katika nakala pacha, SSD zote mbili hupokea maandiko yaleyale kwa kiasi kilekile, hivyo huchakaa kwa mwendo mmoja. Mwaka 2016 Schroeder, safari hii na watafiti wa Google, alionyesha kwamba SSD hubadilishwa mara chache kuliko diski za sahani, lakini kati ya asilimia 20 na 63 zilipata angalau kosa moja lisilorekebishika ndani ya miaka minne ya kwanza. Kwa seva, nunua zenye kapasita za kulinda maandiko umeme ukikatika. Za kompyuta mpakato mara nyingi hazina.

Umeme, basi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili alipona. Safu ya RAID 5 iliyokuwa ikiandika sekunde ile bila kinga haina hakika hiyo: data mpya huenda imeshaandikwa kwenye diski moja na pariti yake bado haijaandikwa kwenye nyingine. Hakuna kitakachoonekana asubuhi. Tofauti hiyo itajitokeza miezi baadaye, diski itakapokufa na pariti ile ya uongo ikatumika kukokotoa kilichopotea.

Kadi nzuri ya RAID ina kashe, kumbukumbu ya muda ya maandiko, yenye betri ya kuzuia hilo. Betri hiyo hufa kimya baada ya miaka michache. Kadi ikigundua, huacha kutumia kashe, na seva inakuwa nzito. Watumiaji wanalalamika, bosi anapiga simu, na fundi anaingia kwenye mipangilio ya kadi na kuilazimisha iendelee kutumia kashe bila betri. Seva inarudi kwenye kasi yake na kila mtu anamshukuru. Kuanzia siku hiyo, kukatika kokote kwa umeme kunaweza kuondoka na maandiko ambayo seva ilishaapa kwamba yamehifadhiwa. Ukiitwa kuboresha hifadhi ya zamani, angalia hapo kwanza. Angalia pia kama UPS imeunganishwa na seva kwa waya wa data. Isipounganishwa, inachelewesha tu kuzimika; haiwezi kuiambia seva ijifunge kwa adabu.

ZFS, mfumo wa faili ulioanzia Sun Microsystems na kutolewa wazi mwaka 2005, iliepuka tundu la pariti kwa kutoandika kamwe juu ya data ya zamani: huandika pembeni, kisha ndipo inahamisha kielekezi. Pia huweka jumla ya uhakiki kwa kila kipande, jambo ambalo RAID ya kawaida haifanyi. Si anasa. Utafiti wa mwaka 2008 juu ya diski milioni 1.53 za mifumo ya NetApp ulikuta, katika miezi 41, zaidi ya vipande 400,000 ambavyo uhakiki wake haukulingana na data iliyosomwa. Diski ilikuwa hai, haikutoa kosa, ila ilirudisha kitu kisicho chake. Bila uhakiki, kitu hicho kingepokelewa. Basi safu yoyote ipangiwe ukaguzi kamili kila mwezi. Debian huja na kazi hiyo kwa safu za mdadm, programu ya RAID ya Linux, Jumapili ya kwanza ya mwezi, na nimeshaona watu wakiizima kwa sababu inapunguza kasi ya seva.

Kuna vyanzo vya vifo vya pamoja ambavyo hakuna RAID inayoviona. Septemba 2016 benki ya ING mjini Bucharest ilijaribu mfumo wake wa kuzima moto kwa gesi, na kishindo cha gesi ikitoka kikaharibu diski nyingi kwa mara moja. Waya mmoja wa umeme, kadi moja, feni moja iliyokwama, vyote vina uwezo huo. Seva yenye pawasapulai mbili zilizochomekwa kwenye ekstensheni moja ina pawasapulai moja.

Sasa kazi yenyewe ya kuhama. Njia inayovutia wengi ni kuchomoa diski ndogo moja baada ya nyingine, kuweka kubwa, na kusubiri safu ijijenge. Kwa RAID 5 ya diski nne hiyo ni kuingia mara nne katika kipindi kilekile cha hatari, kwa hiari, ukizitumia diski kongwe kama mashahidi pekee. Kukiwa na nafasi, simamisha safu mpya pembeni, nakili, linganisha kwa uhakiki, kisha uhamishe huduma. Kukiwa na tundu moja tu la ziada, mdadm na ZFS zote hukubali kujaza diski mpya huku ya zamani ikiwa bado kazini, ili ulinzi usipungue hata saa moja.

Na diski ya kuchomoa iwe ndiyo yenyewe. Programu inasema nambari 3. Lebo za kasha zinaanza na 1 ilhali programu inaanza na 0. Fundi anavuta ya tatu kutoka kushoto, taa ya kijani inazimika, na safu iliyokuwa imepoteza moja imepoteza mbili. Namba za utambulisho (serial) za diski ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya kasha siku ya kufunga, na kabla ya kuvuta iamriwe diski husika iwashe taa yake.

Lakini kabla ya hayo yote, bakapu. RAID hutii amri ya kufuta kwenye diski zote kwa uaminifu uleule, na kirusi cha kudai fidia kikisimba faili, kinazisimba na pariti yake. Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Ndipo ilipogundulika kwamba njia zao kadhaa za bakapu hazikuwa zikifanya kazi, na kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, na baadhi ya wateja wakakuta bakapu zao zilikuwa humohumo. Ni sawa na kuutundika ufunguo wa akiba kwenye kitita kimoja na ule wa kila siku. Septemba 2025 moto wa betri ulichoma kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na terabaiti 858 za nyaraka za watumishi wa umma zikapotea. Hazikuwa na nakala nje ya jengo, na sababu iliyotolewa ni kwamba zilikuwa nyingi mno kunakiliwa.

Kwetu, wengi husema nakala ipo mtandaoni nje ya nchi. Vizuri. Piga hesabu ya kuirudisha: terabaiti 10 kwa intaneti ya megabiti 50 kwa sekunde ni zaidi ya siku 18, kama nyaya za baharini zina afya. Mei 2024 za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na mtandao Tanzania na Kenya ukadorora kwa siku kadhaa. Nakala ya nje iwepo, na nyingine iwe kwenye jengo jirani, ambako mtu anaweza kwenda na bodaboda na kurudi nayo.

Safu ya zamani isivunjwe siku ya kuhama. Ikae rafuni mwezi mmoja au miwili, maana kasoro za kunakili huonekana pale mhasibu anapotafuta faili la mwaka juzi. Ikitoka, ifutwe kweli. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na SSD haifutwi kwa kuiandika juu. Hutumika amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya diski yenyewe.

Kinachobaki ni kigumu kuliko ufundi: manunuzi. Taratibu za ofisi za umma, na za kampuni nyingi, zinasukuma kila kitu kiingie kwa zabuni moja, kwa mzabuni mmoja, kwa hati moja ya kupokelea mizigo. Ndivyo zinavyopatikana diski nane za kiwanda kimoja, wiki moja, toleo moja la programu. Mkaguzi anafurahi kwa kuwa ni rahisi kuhesabu. Lakini sharti la utofauti linaweza kuandikwa kwenye maelezo ya zabuni yenyewe: diski ziwe za watengenezaji wawili au angalau za tarehe tofauti za kutengenezwa, kila pacha wa RAID 10 awe wa kiwanda tofauti na mwenzake, na programu ya ndani iwe toleo la karibuni siku ya kukabidhi. Kisha Julai, mwaka wa fedha ukianza, kiwepo kifungu kidogo cha diski mbili za kubadilisha kongwe mbili ambazo bado ni nzima. Mhasibu atauliza kwa nini zinatolewa diski zinazofanya kazi. Aonyeshwe tarehe zilipowashwa.